Tupeane uzoefu: Julai 2015 mgombea wa kuja alivyotugawa, wewe ulinuniana na nani?

Mzee wa Kreti
Wakuu, jana napanga kabati nikakuta fulana mbili za wagombea urais wa CHADEMA zimekunjwa pamoja, ya Dk. Slaa 2010 na ya Lowassa 2015, yule waziri mkuu wa zamani aliyetujia kutoka CCM. Nikacheka peke yangu hadi mama watoto akadhani nimeokota hela. Semeni yenu, ila uchambuzi wa redioni tumeuchoka.

Binti Pangani
Baba mzazi. Chumvi mezani tulipeana kupitia mdogo wangu, mpaka Oktoba ikaisha.

Kamanda Mstaafu
Umenigusa pabaya, mkuu.

Nilikuwa katibu wa tawi Kanda ya Ziwa, mtaa siutaji. CHADEMA niliingia kwa ile orodha ya mafisadi aliyoisoma Dk. Slaa Mwembeyanga, Septemba 2007. Niliikariri kama sala. Jumamosi napanda juu ya kreti la soda pale kijiweni, nataja majina. Nikifika kwa Lowassa nanyamaza, kijiwe kizima kinamalizia. Kuna kijana alikuwa ananirekodi kwenye simu. Nikaona sifa.

Julai 2015 jina lake linakatwa na CCM Dodoma, tulicheka hadi usiku. Tarehe 28 tukaambiwa ni wetu! Kwenye kikao cha tawi akasimama mzee aliyetupa uwanja wake tusimike bendera: "Katibu, ulituongopea wakati ule au unatuongopea leo?" Nikamjibu siasa ni hesabu. Hakubishana. Alitoka akang'oa mlingoti mwenyewe, polepole, akaikunja bendera vizuri akanikabidhi mkononi. Ningependa angeitupa.

Septemba 1 Dk. Slaa akatangaza kuachana na siasa za vyama, wakaondoka wengine kumi. Ila siku yenyewe ni ya mkutano wa kata. Uwanja umefurika, nimeshika kipaza sauti namnadi mgombea, likapita gari la matangazo la wenzetu wa CCM. Halina muziki. Ni sauti yangu! Orodha yote, ikafika lile jina, ikanyamaza, kijiwe kikamalizia. Uwanja mzima ukageuka kunitazama, na wa kwetu wakacheka. Nikaita "Lowassa!" Walioitikia "Mabadiliko!" ni watoto.

Shabiki wa Ndala
Aisee 😂😂 pole kamanda.

Hesabu Haidanganyi
Mnalia nini? 2010 Slaa alipata milioni 2 na laki mbili na kitu. 2015 Lowassa milioni 6 na elfu 72. Mgawanyiko gani huo unaozaa kura?

Kamanda Mstaafu
Kwenye 2010 ongeza na za Lipumba wa CUF, karibu laki saba, maana UKAWA, muungano wa upinzani uliomsimamisha Lowassa, ilikuwa vyama vinne. Na waliojitokeza 2015 ni karibu mara mbili ya 2010. Halafu nionyeshe katika hizo milioni 6 zipi zilikuwa zetu.

Hesabu Haidanganyi
Nyumbu hamkosi sababu.

Binti Pangani
Matusi ya nini sasa? Na Lipumba mwenyewe aliachia uenyekiti wa CUF Agosti 2015 kwa sababu hiyohiyo ya ujio wa Lowassa. Naye nyumbu?

Mama Ubwabwa
Jamani, hata huku kijani, CCM, tuligawanyika. Wajumbe walimwimba Lowassa ukumbini Dodoma kwamba wana imani naye, na sisi mtaani tukaimba. Alipohama, timu yetu haikuhama, tuliogopa. Mimi nilivaa kofia, nikapika ubwabwa wa kampeni, nikacheza Hapa Kazi Tu ya Magufuli. Ndani ya kile kiboksi cha kura, najua mimi na Mungu wangu.

Shabiki wa Ndala
Mama, nyie ndio mliotuponza! Tuliambiwa mko nusu ya chama.

Mama Ubwabwa
Nani aliwahesabu?

Babu Mageuzi
Wajukuu, sisi 1995 gari la Mrema tulilisukuma kwa mikono na mafuta limejaa. Katoka CCM, kaingia NCCR, kapata asilimia 27 na kitu ya kura za urais. Hapo chama kikawa kambi mbili, ya Mrema na ya Marando, na mwaka 1999 mwenyewe yuko TLP. Na viatu vyangu viliishia kwenye lile gari. Ushauri wangu: mgeni apewe kadi, akae benchi miaka mitano.

Hesabu Haidanganyi
Babu, ukimweka benchi anakwenda kwa jirani na kura zake.

Babu Mageuzi
Aende. Kwa jirani nako atawagombanisha.

Binti Pangani
Tatizo si mgeni. Sisi wenyeji tuliambiwa baada ya viti kupangwa. Wangetuuliza, mimi huenda hata ningekubali.

Shabiki wa Ndala
Ushauri wangu mwepesi: usitaje jina la mtu kwenye jukwaa. Sema "yule bwana". Akija kwenu, huna kesi.

Mzee wa Kreti
Kamanda, Machi 2019 Lowassa aliporudi CCM ulikuwaje?

Kamanda Mstaafu
Yule mzee wa uwanja alinipigia. Siasa hakuigusa. Kauliza tu kama ile bendera bado ninayo.

Mzee wa Kreti
Unayo?

Kamanda Mstaafu
Iko chini ya godoro.

Mama Ubwabwa
Na kijana aliyekurekodi?

Kamanda Mstaafu
Aliukwaa udiwani. Msiniulize wa chama gani, kabadili mara mbili.

Hesabu Haidanganyi
Bado hamjajibu milioni 6.