Fundi cherehani nataka kuingia bodaboda ya mkataba, nishaurini

Sindano_Mbagala: Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni. Nashona Mbagala. Siku hizi watu wananunua mitumba na nguo tayari, kwangu wanaleta kupunguza kiuno na kubadili zipu tu. Nimepata pikipiki ya mkataba: 10,000 kwa siku, siku sita kwa wiki, miezi 12, kisha inakuwa yangu. Niingie?

Mnyororo: Hiyo ni 3,120,000 kwa mwaka, mbali na mafuta. Oili, mnyororo na sproketi, pedi za breki, matairi: vyote juu yako. Kadi ya pikipiki ina jina la nani?

Mama_Sare: Vijana ufundi umewashinda. Mnataka hela ya kila jioni.

Sindano_Mbagala: Bosi ni mtu wa heshima, tunasali pamoja.

Mnyororo: Sijauliza anasali wapi. Kadi?

Sindano_Mbagala: Ina jina la aliyemuuzia, hawajahamisha umiliki TRA. Mkataba ni wa mdomo. Lakini kianzio 300,000 nimeshatoa, nimeuza mashine ya ovaloki. Ningefanyaje? Cherehani bado ninayo.

Kijiwe_Na3: Hii chai. Fundi gani anauza ovaloki Novemba, sare za Januari ziko mlangoni? Sketi isiyopigwa ovaloki inafumuka nyuzi ikifuliwa mara ya pili tu.

Sindano_Mbagala: Si chai mkuu. Sare tayari za Kariakoo bei yake hainifikishi hata kwenye kitambaa.

Mama_Sare: Za Kariakoo ni rangi za kawaida. Fuata shule binafsi zenye kitambaa chao na nembo yao. Ovaloki mlipe fundi jirani kwa kipande, mwanangu.

Mnyororo: Turudi kwenye pikipiki. Kwanza umiliki uhamie kwa bosi, la sivyo ukimaliza kulipa hana cha kukuhamishia. Mkataba uandikwe kwa mwanasheria, na mashahidi: unaisha lini, ikiibwa inakuwaje, ukiugua hesabu ya kila siku inasimama au inaendelea. Kianzio kitajwe humo. Lipa kwa simu, ujumbe ubaki, usitegemee daftari lake. Bima ndogo, ile ya mtu wa tatu, hailipi wizi. Na ubishi huja miezi ya mwisho, pikipiki ikikaribia kuwa yako: siku mbili bila hesabu, anaichukua na kumpa mwingine aanze upya.

Sindano_Mbagala: Amesema niichukue kesho asubuhi, la sivyo anampa mtu mwingine.

Mnyororo: Mwache ampe. Wewe dai 300,000 yako leo, mbele ya mjumbe.