Ofisi za umma zinatulazimisha kununua programu za kampuni moja kwa sababu gani?

Wanajamvi, salaam.

Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Ofisi moja ya umma imekataa maombi ya kazi ya mpwa wangu kwa sababu barua na wasifu wake aliviandika kwa LibreOffice, programu ya ofisi isiyo ya kulipia, na kuvituma katika faili za ODT, aina ya faili inayotumiwa na programu hiyo, naye akaambiwa arudi na "faili la Word", programu ya kulipia ya Microsoft. ODT ni muundo uliopitishwa na ISO, shirika la kimataifa la viwango, kuwa kiwango cha kimataifa tangu mwaka 2006, na hata Word yenyewe huufungua. Aliyekataa maombi hayo hakujaribu hata kulibofya faili.

Mwananchi asiye na fedha za leseni, akikutana na sharti la namna hiyo, huenda kwa fundi akawekewa Office iliyokrakiwa, yaani iliyovunjwa kufuli la leseni, na ili kraki hiyo ikubali kufanya kazi, mara nyingi fundi huzima kwanza kinga ya virusi. Baada ya hapo flashi moja iliyochomekwa steshenari inatosha: mafolda yote yanageuka njia za mkato, ripoti ya chuo haifunguki, na mwenye kompyuta anamlipa tena fundi yule yule ili amsafishie mashine. Kisha ofisi hizo hizo zinatuhubiria kuhusu hakimiliki!

LibreOffice haina leseni ya kununua wala ya kuhuisha kila mwaka. Unaipakua, unampa jirani nakala kwenye flashi, na hakuna sheria uliyovunja. Nakubali kwamba mhasibu mwenye majedwali ya Excel yaliyojaa makro (amri za kujiendesha zilizoandikwa ndani ya faili) atapata taabu kuhama, lakini barua ya maombi ya kazi haina makro hata moja.

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 pamoja na prosesa za miaka ya karibuni, masharti ambayo laptopu nyingi za mtumba tunazozinunua haziyatimizi. Mashine nzima, yenye skrini nzuri na kibodi isiyo na kasoro, inahesabiwa kuwa imekwisha kwa uamuzi wa mwenye programu, ilhali Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kuchukua nafasi ya Windows, huanza kufanya kazi kwenye kompyuta yenye RAM ya GB 2 na inaendelea kupata masasisho ya usalama bila malipo.

Wala tusiambiwe kwamba mambo haya ni mageni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili, na wataalamu wake hawakusubiri kampuni ya ng'ambo iamue kama soko letu lina faida, kwa kuwa leseni ya programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake uko wazi kwa wote, iliwapa haki ya kuibadilisha na kuisambaza. Leo, zaidi ya miaka 20 baadaye, kijana anafukuzwa dirishani kwa kuitumia haki hiyo hiyo.

Ninachodai ni kwamba kila tangazo la kazi la ofisi ya umma litamke wazi kuwa faili za PDF na ODT zinapokelewa. Kama humu kuna mtumishi wa kitengo cha TEHAMA serikalini, namwomba ajitokeze atuonyeshe waraka unaokataza, kama upo.