Nakala ya kitambulisho imefungiwa bajia: nani wa kulaumiwa?

KaraniKilindini: Jana jioni nimenunua bajia za hamsini Mwembe Tayari. Karatasi niliyofungiwa ni nakala ya kitambulisho: picha, namba, tarehe ya kuzaliwa, mafuta yameshaingia shavuni mwa mwenyewe. Pembeni, muhuri wa wakala mmoja wa forodha. Nauliza: karani aliyeitupa afutwe, au lawama ni ya bosi asiyenunua mashine ya kukatakata karatasi?

Mwana wa Likoni: Afutwe. Siri ya mteja ni amana. Na wauza bajia wakatazwe kununua makaratasi ya ofisini, wao ndio soko.

Binti Majengo: Ati soko! Mamangu kauza bajia miaka ishirini na mbili. Karatasi aletewa kwa kilo, na hajui kusoma. Bajia hizo ndizo zilizonisomesha.

Mwana wa Likoni: Dada, sikumtaja mamako.

Binti Majengo: Ukisema wauza bajia, ushamtaja.

Bi Tudor: Kweli, mwaomba radhi lini? Mnyonge ndiye wa kwanza kuonyeshwa kidole.

Wakili wa Nyali: Jamani, sheria ya kulinda data ipo, ya 2019. Data ikivuja na mwenyewe akawa hatarini, mwajiri amwarifu Kamishna wa Data...

Mwana wa Likoni: Ndani ya saa 48.

Wakili wa Nyali: 72, tangu ajue. Na faini yaweza kufika milioni 5. Mzigo ni wa kampuni, si wa karani peke yake.

Abu Changamwe: Siri, siri! Munyakei alikuwa karani wa Benki Kuu. Katoa karatasi za kashfa ya Goldenberg, wakamshika, wakamfuta kazi. Kaja papa hapa Mombasa kutafuta riziki, akasilimu. Kafa 2006 hana kitu. Angetunza "siri ya kazi" tungejua nini?

KaraniKilindini: Ami, Munyakei alifichua wizi wa mali ya umma. Huyu wa kitambulisho alikwenda kutoa gari lake bandarini tu. Amemkosea nani?

Abu Changamwe: Na nani aamuaye lipi wizi, lipi siri? Mimi nilitia sahihi nisitoe neno la ofisi. Kisha nikaona vibarua wakatwa pesa za NSSF, akiba ya uzeeni, na pesa haziendi. Nikanyamaza miaka saba. Mmoja alipostaafu hakukuta kitu, nikashindwa hata kumwendea kumpa pole. Njia yake naikwepa mpaka leo.

Bi Tudor: Pole, ami. Hilo si dogo.

Mwana wa Likoni: Binti Majengo, nisamehe. Nilipayuka.

Binti Majengo: Yamekwisha. Lakini mwenye kitambulisho, kuna aliyemwambia?

KaraniKilindini: Namba yake ya simu imeandikwa kwa kalamu chini. Nimempigia asubuhi. Kaniuliza karatasi zake ziko ngapi huko nje. Sikuwa na jibu.

Binti Majengo: Niambie ni meza gani. Wauzaji wa pale wote wamjua mamangu. Twende tukalichukue fungu lililobaki kabla ya magharibi.