Tupeane uzoefu: spika ndefu za sebuleni, muziki na sinema kwa seti moja

Rumba Sebuleni (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nimejipanga kununua spika ndefu za kusimama sakafuni, zile za maana, ambazo nitakaa nazo miaka. Mchana zipige rumba na taarab, usiku zibebe sinema. Sebule yangu ni mita 5 kwa 4, ukuta wa tofali na plasta, chini vigae. Nimeshasikiliza KEF, Klipsch na Bowers & Wilkins, na kila moja ina lake. Sitafuti ligi ya majina. Naomba aliyenunua kwa hela yake aeleze: ulichagua kwa kigezo gani, na zilipofika nyumbani zilikuwaje?

Fundi wa Mbezi
Mkuu, anza na chumba. Mwendo wa sauti hewani ni kama mita 343 kwa sekunde. Gawanya kwa urefu wa chumba mara mbili: mita 5 inakupa hezi 34 (yaani mitetemo 34 kwa sekunde), mita 4 inakupa hezi 43. Hapo ndipo besi itavimba chumbani kwako. Sasa ule waya mnene wa gitaa la besi, ukipigwa wazi, unatoa hezi 41. Maana yake mpiga besi wa rumba akishuka chini, noti moja itanguruma na nyingine itapita kawaida, spika iwe ya milioni mbili au ya ishirini.

Kwangu ilikuwa hivyohivyo. Kochi liligusa ukuta wa nyuma, na ukutani ndiko besi hujazana. Nililivuta mbele, ila si hadi katikati kabisa, maana katikati ile besi ya chini hupotea. Nikaacha kama theluthi ya chumba nyuma yangu. Spika nazo nikazitoa ukutani, nikawa nazisogeza kidogo kidogo huku wimbo uleule unajirudia, mpaka kila noti ya besi ikasikika peke yake. Baada ya hapo zulia nene, mapazia mazito na kabati la vitabu. Vigae na ukuta mtupu hurudisha sauti za juu kama kioo kinavyorudisha mwanga. Watu wengi husema spika fulani "inachoma masikio" wakati kinachochoma ni sebule. Kwangu mimi, hela ya zulia ni sehemu ya hela ya spika.

Mtoto wa Tanga
Nilikwenda dukani na nyimbo zangu kwenye flashi: taarab yenye ganuni, fidla na mwimbaji wa kike. Muuzaji alitaka kunipigia zake za kuonyesha besi. Nikamwomba apige zangu, tena kwa sauti ndogo. Nyumbani watoto wanalala mapema, kwa hiyo spika isiyosema mpaka ifunguliwe sana hainifai. Kati ya nilizosikia, spika za Focal ndizo zilizobaki wazi sauti ilipopunguzwa, mpaka pumzi ya mwimbaji kabla ya ubeti niliisikia. Kaka, usikubali kusikilizishwa dakika tano. Kaa nusu saa nzima. Spika inayong'aa mwanzoni inaweza kukuchosha kabla kanda haijaisha.

Jirani wa Luthuli
Kutoka Nairobi hapa. Mimi niliangalia amplifaya kwanza, kwa sababu nina risiva moja tu ya sinema (mashine inayopokea sauti na kuzikuzia spika) na sikutaka kuongeza mashine nyingine. Klipsch RP-8000F imeandikwa desibeli 98, KEF R7 Meta imeandikwa 88, yaani ukali wa sauti spika inaotoa kwa umeme uleule. Kila desibeli 3 ukipungukiwa, unahitaji wati mara mbili kupata sauti ileile. Ukipungukiwa 10, ni wati mara kumi. Namba hizi za kiwandani hazipimwi kwa njia moja, zingine zinahesabu na msaada wa chumba, kwa hivyo usizichukue neno kwa neno. Lakini pengo bado lipo. Tena angalia omu, yaani ukinzani wa spika kwa umeme: hiyo KEF ni ya omu 4, inavuta umeme mwingi, na risiva ndogo hupata joto. Nilichukua Klipsch. Ningekuwa na amplifaya nzito, ningefikiria upya, kwa sababu KEF niliipenda sana.

Mama Wawili
Upande wa sinema, spika ya katikati ndiyo inayobeba maneno ya waigizaji, kwa hiyo nunua ya familia moja na hizo ndefu. Gari likipita kutoka kushoto kwenda kulia, sauti isibadilike rangi njiani. Sisi tunakaa watano kwenye kochi, na wa pembeni walikuwa wakilalamika. Ndiyo sababu tulikwenda KEF: tangu 1988 wanaweka twita (spika ndogo ya sauti za juu) katikati ya koni ya sauti za kati, na aliyekaa pembeni anasikia karibu sawa na wa katikati.

Sabufa, ile spika ya besi nzito pekee, bado inahitajika jamani, hata spika ziwe ndefu namna gani. Kwenye risiva tumegawa sauti kwenye hezi 80, chini ya hapo kazi ni ya sabufa, na spika zimepumua.

Pwani Kwetu
Mombasa, karibu na bahari. Ukinunua zilizotumika, bonyeza taratibu ukingo wa wufa, ile koni kubwa ya besi. Ukingo wa sponji huku kwetu kwenye joto na unyevu huoza na kumeguka. Wa mpira hudumu zaidi. Skrubu za nyuma pia zikague kutu.

Mbongo Minnesota
Kwa wanaoagiza Marekani: spika ndefu za kawaida hazichomekwi kwenye umeme, kwa hiyo nyumbani zitapiga bila tatizo. Sabufa yenye amplifaya ndani na risiva ndizo za kuangalia. Nyingi za huku ni za volti 120 pekee, na nyumbani ni 230. Nilipomtumia mdogo wangu, nilipeleka spika tu, risiva akanunua Dar.

Rumba Sebuleni
Asanteni sana, hasa Fundi. Nimepima, kochi langu nalo limegusa ukuta. Nitaanza na zulia na kulivuta, halafu nimwombe muuzaji aniletee jozi mbili nizisikilize hapahapa kwangu, hata kwa kuweka amana. Swali moja: upande wa kulia wa sebule uko wazi kuelekea jikoni, wa kushoto ni ukuta mtupu. Kuna aliye na chumba cha namna hiyo? Uliziwekaje?