Wiski ya moshi (sio gongo jamani) inanuka kama wodini, ndo ilivyo au imeharibika?

Kijana_Shangani:
Wakuu habari za jioni, niko Mtwara mjini, nina swali ila msinicheke. Kuna Mskochi mmoja tulikuwa tunafanya nae kazi za gesi upande wa Msimbati, mkataba wake umeisha, siku anaondoka kaniachia chupa ya wiski na boksi lake kabisa, akaniambia hii usichanganye na koka, kunywa taratibu. Imeandikwa Bowmore, miaka 15, asilimia 43, na kuna maneno ya mapipa ya sheri. Mimi ni mtu wa Konyagi na tangawizi, wikiendi bia mbili tatu, mambo ya hivi sijawahi.

Jana nikaifungua. Aisee. Harufu ya kwanza ni ile dawa ya kupigia deki wodini, ikafuata moshi kama mtu anabanika samaki nyuma ya nyumba. Nikajua labda ndo utaratibu, nikapiga kwa mkupuo kama ninavyopiga Konyagi, machozi yakanitoka nikakaa chini. Ila kilichonishangaza, baada ya dakika kama mbili hivi mdomoni kukabaki utamu, kama nimetafuna zabibu kavu, sasa nikawa najiuliza huu utamu ulikuwa wapi muda wote.

Kingine, jirani kaja kaniuliza unakunywa nini, nikamwambia wiski ya moshi, mzee wa watu akashusha sauti, "na wewe umeanza pombe ya moshi?" Ikabidi nimuonyeshe lebo, alijua gongo hahaha.

Sasa wadau, imeharibika au ndo ilivyo? Huo moshi wanautia saa ngapi? Na inanywewaje hii kitu mtu asilie?

Kaunta_Mstaafu:
Njomba usimwage hiyo chupa, ukiona huiwezi niambie, niko Masasi nakuja na basi la kwanza.

Haijaharibika. Nimekaa kaunta ya hoteli moja Dar miaka sita, hizo za Islay, kisiwa cha Uskochi inakotoka hiyo Bowmore yako (tamka Aila, hiyo s ni ya bure), ndo zilikuwa zinarudishwa kaunta kila wiki, mteja anasema glasi yenu haikuoshwa vizuri ina dawa. Unambadilishia glasi, anarudisha tena.

Moshi hautiwi kwenye wiski, unaingia mapema kabla hata pombe haijawa pombe. Bibi yako akitengeneza kimea si analoweka mtama, unaota, anauanika juani? Wao hivyohivyo na shayiri, na yale maneno singo molti kwenye lebo maana yake ndo hiyo, kimea kitupu cha shayiri, kiwanda kimoja. Tofauti ni kwamba kule jua la kuanikia hawana, na kisiwa hakina miti ya maana ya kuni, kwa hiyo toka zamani wanachimba piti, ule udongo mweusi wa kinamasi uliotokana na majani kuoza nusunusu kwa maelfu ya miaka, wanaukata kama tofali, wanaukausha, ukiwashwa unatoa moshi balaa na kimea kinakaukia humohumo. Ukishashika umeshika, unapita kwenye kuchachusha, unapita kwenye mtambo, unakaa pipani miaka yote 15 na bado unakukuta Shangani. Na hiyo yako ni ya kati tu, wanapima sehemu za fenoli (kemikali za huo moshi) kwenye milioni moja ya kimea, Bowmore wako kwenye 25 hivi, Ardbeg, wiski nyingine ya hukohuko Islay, kama 55. Ungeanza na Ardbeg ungempigia Mskochi simu kumtukana.

Utamu sasa. Sheri ni mvinyo wa Jerez kusini mwa Hispania, unaongezewa pombe kali. Bowmore 15 inakaa miaka 12 kwenye mapipa ya berboni, wiski ya Marekani (kule sheria yao berboni lazima iingie pipa jipya, likishatumika wanaliuza, Waskochi wanachukua), halafu mitatu ya mwisho wanaihamishia kwenye pipa la sheri aina ya Oloroso. Miaka mitatu hiyo ndo zabibu kavu zako, na ile rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Watu hudhani mapipa ni mabaki ya wauza sheri, zamani kweli, ila toka miaka ya 1980 sheri inafungwa chupani hukohuko Hispania, mapipa ya kusafirishia yakaisha, siku hizi mengi yanajazwa sheri makusudi ili baadae yatumike kwa wiski. Ndo maana bei iko vile.

Mama_Korosho:
Mimi pombe sigusi dini yangu hairuhusu, nimeingia humu kwa ajili ya neno moshi tu.

Mdogo wangu, nimeoka korosho toka nasoma darasa la tano. Moshi sio moshi. Ule wa ganda la korosho, mafuta yake yakishika moto, unawasha macho na koo mpaka unaacha bati unakimbia, huo hauliwi na mtu. Moshi wa makumbi na vifuu unaobanikia samaki ni mtamu, unaingia kwenye kanga unakaa siku mbili na hauchukii. Sasa wewe unasema tu "moshi", upi? Nusa tena utuambie, usimlaumu Mzungu wa watu bure.

Maabara_Lindi:
Dada hapo juu kanishinda na digrii yangu. Ndo hivyohivyo kitaalamu. Kuni, makumbi, piti, vyote asili yake ni mimea na mimea ina kitu kinaitwa lignini, ikiungua inatoa guayakoli na ndugu zake, ndo harufu ya samaki wa kubanika. Ila piti inatoa na kresoli, na kresoli ndo ilikuwemo kwenye dawa za kuulia vijidudu za zamani, Lysol ya mwanzo kabisa ilikuwa ya kresoli, kwa hiyo pua yako kukimbilia wodini haikukosea njia, imekutana na mtu inayemjua.

Na maji usiyaogope. Mwaka 2017 kuna watafiti wawili wa Sweden walilipigia hesabu hili kwa kompyuta, wakaona guayakoli kwenye kinywaji kikali sana, asilimia 59 kwenda juu, inajificha katikati kwa sababu inapenda kukaa na alkoholi, ukipunguza ukali kwa maji inapanda juu karibu na hewa, yani karibu na pua yako. Yako ni 43 kwa hiyo tayari imeshapanda, wewe unahitaji matone tu, nusu kijiko cha chai, tena maji ya chupa maana ya bomba mengine yana klorini na hapo utarudi wodini moja kwa moja.

Chuma_Chakavu:
Mnapoteza muda wazee. Barafu nne, koka, maisha yaendelee.

Kaunta_Mstaafu:
@Chuma_Chakavu hela yako, mdomo wako, ila ukitaka koka nunua ya bei rahisi uchanganye roho ikiwa nyeupe. Barafu nyingi inafunga harufu, unabaki na ukali na baridi, yote uliyolipia yamelala chini.

Kijana, fanya hivi. Kama una glasi ya mvinyo tumia hiyo, tumbo pana mdomo mwembamba, weka kidogo kama vidole viwili hata visifike. Tatizo la Mtwara ni joto, chupa ikishinda kabatini mchana ikawa ya uvuguvugu pombe inaruka puani kabla ya harufu nyingine yoyote, mimi ningeipitisha kwenye friji dakika kumi tu, sio friza. Usiingize pua yote ndani, shika glasi usawa wa kidevu, acha mdomo wazi kidogo, nusa, pumzika, nusa. Halafu chukua funda dogo kuliko unavyotaka, lizungushe mdomoni kama unavyosukutua polepole, usimeze haraka. Funda la kwanza usilihesabu, hilo ni la kuuamsha ulimi, usome la pili. Umezoea Konyagi ya 35, hii ni 43, ndo maana ulikaa chini.

Na chupa isimamishe usiilaze, hii sio mvinyo, ukali unakula kizibo. Weka gizani.

Njomba_Newala:
Nimesoma mpaka hapa mnasema zabibu kavu, tende, mnahangaika kweli. Semeni kochoko. Mabibo yakishaanikwa yakawa meusi yananata, ile harufu ya utamu na uchachu na kaukali ka mbali, ndo hiyohiyo. Niliwahi kuonja ya hivyo kwenye harusi ya mtoto wa mjomba, wenzangu wakakunja sura, mimi nikaona niko nyumbani msimu wa mabibo. Ila sisi kochoko inaishia kwenye mapipa ambayo polisi wakiyaona wanapiga teke, wao lao limelazwa miaka 15 na risiti juu.

Maabara_Lindi:
Hahaha @Njomba_Newala. Lakini hata wangelaza huku wasingefika 15. Uskochi pipa linapoteza kama asilimia 2 kwa mwaka inayeyuka hewani, wenyewe wanasema ni fungu la malaika, na hapo ni baridi. Kwa joto la Lindi hao malaika wangekuwa walevi mapema sana, ungefungua pipa ukakuta mbao.

Kijana_Shangani:
Nimerudi wakuu. Jana usiku umeme ulikuwepo, friji dakika kumi, glasi ya mvinyo nimeazima kwa shemeji. Nikakaa barazani na pweza wa kuchoma wa elfu mbili na korosho.

Kunusa kwanza, wodi bado ipo ila imesogea chumba cha pili. @Mama_Korosho nimenusa kama ulivyosema dada yangu, sio wa maganda, hauchomi macho, ni kama asubuhi unapita pwani kule Mikindani jana yake walibanika samaki, moto umeshazima, majivu yana chumvichumvi. Hiyo chumvi sijui ni ya kwenye glasi au ni upepo wa barazani kwangu, siwezi kuapa. Funda la kwanza sikuhesabu. La pili ndo nikaelewa, unaanza utamu mzito, kochoko kweli kabisa njomba umenimaliza, kuna kama chokoleti ile nyeusi ya uchungu, halafu moshi unakuja nyuma taratibu, haugombani na utamu, unapita nao. Nikaweka matone ya maji moshi ukafunguka, utamu ukapungua kidogo, mimi kwa upande wangu naona bora bila maji, mnisamehe watu wa Sweden.

Pweza na hii kitu ni ndugu, yale yaliyoungua kwenye mikia. Korosho zilikuwa na chumvi nyingi zikaharibu, nikaacha. Nikakaa na funda kama sita saa nzima, na mimi saa nzima huwa namaliza nusu chupa ya vingine.

Jirani kaja tena leo asubuhi anaulizia ile ya moshi kama ipo. Nimemwambia imeisha.

Kaunta_Mstaafu:
Imeisha kweli?

Kijana_Shangani:
Iko nyuma ya gunia la mchele, imesimama, gizani, kama ulivyoelekeza.