Mjadala: Karata za Lenormand zibadilishwe mpaka wapi?

Mleta mada

Wadau, hili linanigusa kwa sababu linamhusu rafiki yangu. Ni mchoraji mzuri, na sasa anatengeneza seti ya karata za kutazamia zenye sura ya kwetu: bodaboda badala ya mpanda farasi, sungura badala ya mbweha, simba badala ya dubu, na karata nne mpya juu yake. Jumla 40. Michoro yake naipenda. Ninachomkatalia ni kuandika "Lenormand" kwenye boksi.

Kwa wasiozijua: ni karata 36, kila moja ina namba yake na kitu chake. 1 mpanda farasi, 2 jani la klova, 3 meli, 4 nyumba, hadi 35 nanga na 36 msalaba. Hazifanani na taroti yenye karata 78, ambapo mtu anaweza kukaa na picha moja robo saa akiitafakari. Hapa karata ikiwa peke yake haina maneno mengi. Barua ni barua tu. Ikikaa na pete, ni mkataba. Ikikaa na jeneza, ni habari ya jambo lililokwisha. Maana inatoka kwa jirani. Ukizipanga zote mezani, safu nne za nane na nne za mwisho chini, unasoma nani yuko karibu na nani, na nani kampa nani mgongo.

Nilifundishwa na bibi mmoja jirani yangu hapa Leipzig. Karata zake zimelainika pembeni kama noti iliyopita mikono mingi. Kitu cha kwanza alichonionyesha ni karata ya 6, mawingu. Upande mmoja wingu jeusi, upande wa pili jeupe. Karata iliyopakana na weusi ina taabu. Iliyopakana na weupe, taabu yake iko njiani kuondoka. Baadaye nikanunua seti ya kisasa, imechorwa kwa rangi za maji, nzuri ajabu, mawingu ya kijivu kutoka kona hadi kona. Nikaipanga. Mawingu yakaangukia kati ya mwanamke na nyumba, nikabaki nayaangalia. Taabu inaingia nyumbani au inatoka? Karata haina upande. Mchoraji alilipendezesha anga akasahau kuwa kuna mtu atakayelisoma.

Msimamo wangu: rangi, mavazi, mji, vyote badili. Ila 36 zibaki 36, namba zibaki, pande zibaki, na ukibadilisha kitu, kile kipya kibebe mzigo uleule wa kile cha zamani. Karibuni.

Binti Kongowea

Mleta mada, hoja yako naiheshimu ila umeanza hadithi katikati. Hiyo asili unayoilinda ni ipi hasa? Marie Anne Lenormand, mzaliwa wa Alençon mwaka 1772, alipata umaarufu Paris kwa kutazamia watu na akafariki 1843. Karata hizi si zake. Zimetokana na mchezo wa Kijerumani ulioitwa Mchezo wa Matumaini, uliobuniwa na Johann Kaspar Hechtel wa Nuremberg mwishoni mwa karne ya 18. Karata zilipangwa sita kwa sita, watu wakatupa dadu mbili na kusogeza kete. Aliyefika 35, kwenye nanga, ndiye aliyeshinda. Burudani ya familia jioni, basi. Yule mama alipokwisha kufariki ndipo wauzaji wakabandika jina lake kwenye karata za mchezo huo, kwa sababu jina lake lilikuwa linauza.

Na Paris kuna seti nyingine iliyotoka mwaka 1845, karata 54, michoro tofauti kabisa, nayo inaitwa Lenormand. Hiyo mbona hamuigombi?

Tena hata maana hamjakubaliana. Mbweha kwa Wajerumani wengi ni hila na uongo. Wamarekani wengi wanamsoma kama kazi ya mshahara. Yungiyungi, wengine wanasoma usafi na utulivu wa uzee, wengine mambo ya chumbani. Mtu akibadilisha maana anaitwa shule mpya, mtu akibadilisha picha anaambiwa aondoe jina. Kwangu mimi huyo wa kwanza ndiye aliyekwenda mbali zaidi.

Abuu Nasra

Mnajadili mapambo ya kitu ambacho chenyewe hakifai. Al-Maida aya ya 90 imetaja mishale ya kupigia ramli, na hizi ni mishale ya karatasi. Sina zaidi.

Mleta mada

Ustadh, nimekusikia, na imani yako siwezi kuibishia hapa.

Binti Kongowea, historia umeisema sawasawa na sina pa kuipinga. Jina ni la kuazima, kweli. Lakini sasa lina watu wake. Mtu akinunua boksi lenye jina hilo, anategemea kukuta kitu alichojifunza kukisoma. Kuhusu maana umenibana, nakubali. Ila shule zinazobishana juu ya mbweha zote zina mbweha mezani, namba 14, na zinaweza kubishana kwa sababu hiyo.

Mzee wa Bao

Wanangu, hizo za Kizungu sizijui, lakini nimekaa na wapiga ramli wa pwani tangu ujana. Ramli ina sura 16. Kila sura mistari minne, kila mstari nukta moja au mbili, na ukihesabu njia zote za kuzipanga unapata 16, haizidi wala haipungui. Nimeiona ikipigwa mchangani, nimeiona kwenye daftari la shule, na kuna kijana anaipiga kwenye simu. Hakuna aliyesema hiyo si ramli. Lakini akija mtu na sura ya 17 tutamwuliza, imezaliwa na nani? Maana sura zinazaana: nne za mwanzo ndizo mama, zinatoa nne nyingine, na hizo mbilimbili zinatoa nyingine tena mpaka upate hakimu.

Sasa nawauliza. Hizo 36 zina hesabu inayozifunga, au mtu aliona tu zinatosha?

Mleta mada

Shikamoo mzee. Swali hilo ndilo nililokuwa nalitafuta.

Zina hesabu, ingawa si ya kuzaana kama ramli. Chukua karata za kawaida za kuchezea, toa 2, 3, 4 na 5. Zinabaki tisa za kopa, tisa za uru, tisa za shupaza na tisa za pau. Ndizo hizo 36. Ndiyo maana kwenye seti za kizamani kila picha ina karata ndogo ya kuchezea imechorwa juu yake. Moyo ni ghulamu wa kopa. Jua ni ree ya uru. Na pau ndiyo safu ya mikosi: nyoka, mawingu, mjeledi, mbweha, dubu, mlima, panya, msalaba. Ukitoa pete, pau zote zina uzito. Rafiki yangu akiongeza karata nne, ni za safu gani? Halafu mezani kila nafasi ni nyumba ya karata yenye namba hiyo, ya 8 ni nyumba ya jeneza, ya 25 ni nyumba ya pete. Nyumba ya 37 ni ya nani? Najua 40 unaweza kuzipanga nane kwa tano. Lakini zile nne za chini, ambazo wengi wetu tunazisoma kama hatima ya jambo, zitakuwa zimepotea.

Na hapo ndipo sungura anaponikera. Mbweha ni 9 ya pau. Ukimwona karibu na mwanamume, unamwambia mtu ajihadhari. Sungura kwetu ni mjanja, ndiyo, lakini ni mjanja wetu. Tumemshangilia tangu utotoni akimpiga chenga fisi, akimpiga chenga simba. Mtu akimwona kwenye karata atatabasamu. Onyo limeyeyuka, na namba 14 bado imeandikwa pale juu. Bodaboda sina neno nayo: inaleta habari, inaleta mzigo, inakuja mbio, na imeelekea upande. Ule ni mpanda farasi kamili.

Kalamu ya Makaa

Mimi ndiye huyo rafiki. Nimesoma yote, na Mzee wa Bao nakupa heshima yako.

Kaka, umetaja simba na sungura ukamwacha korongo, na wewe unajua nilivyohangaika naye. Namba 17, karata ya kuhama na mabadiliko. Kila mtu aliniambia niweke ndege wa kwetu. Lakini korongo mweupe wa Ulaya ni wa kwetu pia, baridi ikiingia kwao anashuka mpaka huku, Serengeti wanaonekana. Mwaka 1822 huko Klütz, kaskazini mwa Ujerumani, alipigwa korongo mwenye mkuki wa Afrika umempenya shingoni. Aliruka nao mpaka kule. Bado wamemhifadhi Chuo Kikuu cha Rostock. Yule Hechtel alipobuni mchezo wake, wataalamu walikuwa bado wanabishana korongo huenda wapi majira ya baridi. Kwa hiyo korongo sikumgusa. Nimemchorea tu mbuga chini yake.

Mjeledi ndio ulionipa shida. Wajerumani walichora fagio la vijiti, la kuchapia watoto nyumbani. Mimi nikachora kiboko. Nikamwonyesha bibi yangu, akanyamaza, kisha akasema, "Hamsa ishirini." Viboko 25 vya enzi ya Mjerumani, alivyosimuliwa na baba yake. Karata ya ugomvi wa nyumbani ikawa karata ya mkoloni. Hiyo mimi nataka ibaki hivyohivyo, hata kama mzigo wake si uleule. Hapo hatutakubaliana, kaka, na kwenye boksi nitalisema wazi.

Mawingu nimeyachora upya jana usiku, kusi na kaskazi, upande mweusi na upande mweupe. Karata ndogo za kopa na pau nazirudisha pembeni. Zile nne mpya nitazitia bahasha yake, bila namba, anayezitaka azitumie. Jina la boksi bado nalifikiria.

Sungura ndiye aliyebaki. Nimemchora mara tatu tangu nisome hapa, nikijaribu kumpa macho ya kutisha. Mara zote tatu ametoka anacheka.