Kijana wangu anakata miguu ya wenzake uwanjani na kocha anampigia makofi. Nimzuie au nimwache?

BabaKulwa_Aurora

Habari za jioni wakuu. Najua mpira wa wengi humu ni ule wa Simba na Yanga, lakini hili langu ni la mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na kugongana. Naomba mnivumilie, naamini walioko huku wapo watakaonielewa.

Naishi Aurora, Colorado. Kijana wangu yuko darasa la 11 na anacheza mstari wa ushambuliaji: wale watano wanaokaa mbele ya kwotabeki (yule mrusha mpira), wao hawakimbii na mpira, kazi yao ni kuzuia watu tu. Tatizo ni kwamba kwa nafasi ile yeye ni mwembamba. Basi kocha msaidizi akamfundisha kwamba akikutana na jitu asishindane nalo kifua kwa kifua. Ajirushe chini, bega liingie kwenye mapaja, jitu lianguke. Wenyewe wanaita kukata.

Ijumaa iliyopita alimkata kijana wa timu pinzani, goti likageuka. Refa hakurusha kitambaa cha kuonyesha kosa. Kocha alimpokea pembeni kwa makofi mgongoni. Yule aliyeumia ni mtoto wa familia ya Kenya tunayosali nayo kanisa moja. Mama yake hapokei simu za mke wangu, na kwenye kundi la wazazi mtu ameandika kwamba wetu ni "mchafu".

Nilipomkalisha, akanijibu kwa Tom Nalen. Kwamba Nalen alikata watu miaka yote akiwa senta (wa katikati ya mstari, anayeanzisha mpira) wa Denver Broncos, akapata pete mbili za Super Bowl, fainali ya ligi, akastaafu, na mwaka 2013 klabu ikaweka jina lake kwenye ukuta wa heshima. "Sasa baba, mchafu anawekwa ukutani?" Nikakosa la kusema.

Maswali yangu mawili. Nimkataze, wakati kocha ndiye anayempanga na ufadhili wa chuo anautafuta kwa njia hiyo? Na hiyo familia, tukienda kutoa pole, si itaonekana tumekiri kosa?

---

Mkandarasi

Mkuu mhamishie mpira wa miguu. Huku ukikata mtu unapewa kadi na mjadala unaishia hapo 😂

---

MzeeWaColfax

Mkandarasi, kwani Ijumaa tukizungumzia mabeki wa Kariakoo hapa huwa tunazungumzia malaika? Tuliza boli.

BabaKulwa, mimi niko Denver tangu enzi hizo na nilimwona Nalen kwa macho, kwa hiyo kijana wako asikupige chenga na historia nusu.

Nalen alichaguliwa raundi ya 7 mwaka 1994 kutoka Boston College, yaani karibu aachwe. Kwa senta alikuwa mwepesi, kilo 130 hivi, na mstari mzima wa Denver ulikuwa miongoni mwa ile myepesi kwenye ligi. Haikuwa bahati mbaya. Kocha wao wa mstari, Alex Gibbs, aliwataka hivyo. Mpango wake: wote watano wanakimbilia upande mmoja kama wimbi, mkimbiaji anawafuata hatua mbili tatu, akiona ufa anageuka ghafla na kurudi nyuma ya wimbi. Ili ule ufa uwepo, mabeki wanaofukuzia kutoka upande wa nyuma lazima walale chini. Huwezi kuwasukuma, wanakuzidi uzito na wameshapata mwendo. Unawakata.

Na ilifanya kazi. Terrell Davis, aliyechaguliwa raundi ya 6, alikimbia yadi 2,008 mwaka 1998. Alipoumia, 1999 Olandis Gary akapita yadi 1,000, 2000 Mike Anderson naye akapita, baadaye Clinton Portis. Jina jipya, mavuno yale yale. Nalen alikuwepo katikati karibu muda wote huo, akaitwa Pro Bowl, mechi ya nyota wa ligi, mara 5. Ukuta ule anastahili, sitaki mtu anibishie hapo.

Sasa nusu ambayo kijana hakukwambia. Novemba 2006, Denver na San Diego Chargers. Jake Plummer, kwotabeki wa Denver, anapiga mpira chini kusimamisha saa. Mchezo wa namna hiyo hauna mkimbiaji, hauna ufa, hakuna anayekwenda popote, na watu huwa wanasimama tu. Nalen akajirusha kwenye magoti ya Igor Olshansky, beki wa Chargers. Olshansky akampiga ngumi, akatolewa nje. Ligi ikawapiga faini wote wawili. Mpaka leo ukimtaja Nalen kwa shabiki wa Chargers, hiyo ndiyo anayokumbuka. Yadi 2,008 hazimhusu.

---

DifensivuEndi_MN

Mzee unapaka rangi. Nimecheza upande wa pili hapa Minnesota, sekondari na miaka miwili ya chuo kidogo, na nawaambia wazi: kukata ni uchafu, uwe ndani ya sheria au nje. Mtu wa kilo 120 anakuja chini ya macho yako wakati umeangalia mpira. Mguu umeukanyagia, njumu zimeshika nyasi, goti halina pa kwenda. Sisi tulikuwa tunaitazama mikanda ya timu pinzani kabla ya mechi, na tukiona wanakata, wiki nzima unawaza magoti badala ya kuwaza mpira.

Na mbona umeruka ya 2004? Cincinnati, Jumatatu usiku, nchi nzima inatazama. George Foster wa Denver hiyo hiyo anamkata Tony Williams wa Bengals, timu ya Cincinnati, kifundo cha mguu kinatenguka pale pale. Ile ilikuwa shule ya Gibbs ikiendelea na kazi, ingawa mwenyewe mwaka huo alishahamia Atlanta.

---

MzeeWaColfax

Sijairuka, nilikuwa najaza chai. Ile ya Foster iliniuma hata mimi mwenye jezi ya rangi ya chungwa ya Denver. Ila usisahau Nalen mwenyewe alimalizwa na nini: 2007 misuli ya mkono ilichanika, 2008 goti likamweka nje msimu mzima, akaishia hapo. Hao watu wa mstari hawakuwa wanakula bure.

Na kilichomharibia jina zaidi ni ukimya. Mstari wa Denver ulijiwekea mwiko wa kutoongea na waandishi wa habari. Umoja wao ulikuwa mzuri, sikatai, lakini mtu asiyejieleza husimuliwa na aliyemuumiza.

---

LainiYaTexas

Nimecheza gadi (yule wa pembeni ya senta) Houston, nimekata na nimekatwa kwenye mazoezi, kwa hiyo ngoja niongee kifundi kidogo maana hapa naona watu wanachanganya vitu viwili.

Cha kwanza ni kumkata mtu mmoja, wewe na yeye, yuko mbele yako anakuona. Unapiga hatua moja ya pembeni, unalenga paja la mbali, kichwa kinapita mbele ya mwili wake, na ukikosa unaendelea kwa mikono na miguu kama mtoto anayetambaa, mradi asipite. Beki aliyefundishwa vizuri ana dawa yake: anashusha mikono, anakusukuma mabega na helmeti chini, anarudisha miguu nyuma. Hapo mpambano ni wa haki, hata kama hapendi.

Cha pili ni mtu ambaye mwenzako ameshamshika juu, mikono yake ina kazi, halafu wewe unakuja chini. Huyo hana dawa. Akiwa ameshikwa juu hawezi hata kuanguka vizuri, na nguvu yote inaishia gotini. Hicho ndicho kinachovunja watu. NFL, ile ligi ya kulipwa, ilikipiga marufuku kabisa mwaka 2016, na kabla ya hapo kilikuwa na vichochoro vya kuruhusiwa. Sekondari ni marufuku pia.

Ongeza hili kwa sababu uko Colorado: sheria za sekondari za kitaifa zinaruhusu kukata chini ya kiuno ndani ya kisanduku kidogo tu, yadi 4 kila upande wa mpira na yadi 3 mbele na nyuma ya mstari unapoanzia mpira, kwa wale waliokuwa kwenye mstari mpira unapoanza. Tangu 2021 lazima iwe tendo la kwanza, papo hapo. Huwezi kusimama, ukatafuta mtu, halafu ukazama. Sisi Texas tunacheza kwa sheria za vyuo, kwa hiyo kocha aliyetokea huku au aliyezoea mambo ya zamani anaweza kuwafundisha vijana kitu ambacho huko kwenu ni kosa.

Kabla hujamkataza mtoto, omba video. Siku hizi kila timu inarekodi. Angalia mambo matatu tu: alikata papo hapo? Walikuwa wawili kwa mmoja? Na mpira ulikuwa wapi?

---

Mama_Neema

Jamani yadi na visanduku nimeviacha kwenu. Baba Kulwa, mtoto wa watu yuko kitandani na mnasali kanisa moja, halafu unauliza kama mwende? Nendeni. Kijana mwenyewe aende, asitumwe mama peke yake na chupa ya uji. Na mkifika msianze kujieleza habari za refa hakurusha kitambaa. Muulizeni mgonjwa anaendeleaje, mkae, mnywe chai yao, mwondoke. Kama kuna la kusema, wenye nyumba watalianzisha.

---

DifensivuEndi_MN

Nakazia ya Mama Neema.

---

Kipanga254

Mimi nasema tofauti kidogo. Huyo kocha ndiye wa kuulizwa, si kijana. Mtoto wa miaka 16 anafanya anachofundishwa na anachopigiwa makofi. Conrad Dobler wa St. Louis Cardinals, Sports Illustrated walimweka kwenye jalada mwaka 1977 kama mchezaji mchafu kuliko wote, na yeye alilifurahia lile jina, likamuuza. Mpaka anafariki mwaka 2023 alikuwa amebadilishiwa magoti mara kadhaa. Lakini Dobler alikuwa mtu mzima anayelipwa, aliamua mwenyewe. Wako hajaamua kitu, anaiga.

Kuhusu ufadhili: kocha wa chuo akiangalia video ya mtu wa mstari anataka kuona miguu na mikono. Mtu anayejirusha chini kila mara anaonekana hawezi kusimama na mtu. Hilo mwambie kijana, litamwingia kuliko mahubiri.

---

BabaKulwa_Aurora

Wakuu, asanteni. Nimerudi na mrejesho.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda, wote watatu. Mama mwenye nyumba alifungua mlango kimya, lakini alifungua. Kijana yuko na kifaa cha goti. Daktari kasema kano la pembeni limevutika, halikukatika, hakuna upasuaji. Wazee tulikaa sebuleni tukazungumza habari za baridi mpaka zikaisha.

Kumbe wale vijana wawili walikuwa chumbani wanaangalia ile video kwenye simu. Nikaitwa. Aliyeumia ndiye aliyenionyesha: akaisimamisha, akaweka kidole. Senta wetu alikuwa ameshamshika kifuani, mikono yake iko mabegani kwa senta, na wangu anaingia kutoka kushoto, chini. Akasema angemwona angeshusha mikono, ila hakuwa na mikono ya kushusha. Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza hesabu. Wangu akanyamaza, kisha akadai hakujua senta kamshika, yeye alifuata namba aliyopangiwa. Nadhani anasema kweli, lakini kosa ni kosa na refa hakuliona.

LainiYaTexas, ndicho kile cha pili ulichokisema. Kumbe wiki nzima nilikuwa nabishana na Nalen bure.

Sasa naenda kwa kocha mkuu, nimruke msaidizi au nianze naye?

---

LainiYaTexas

Anza na msaidizi, ana haki ya kusikia kwanza. Nenda na video, usiende na neno "mchafu". Muulize swali moja: senta na gadi wanapeana ishara gani ili mmoja akimshika mtu juu, mwingine asizame? Kwenye mstari wowote unaofundishwa kuna neno fupi wanaloitana kabla ya mpira kuanza. Akikosa jibu, nenda kwa mkuu siku hiyo hiyo. Na kijana asimkate mtu hata mmoja mpaka hilo neno lipatikane, kocha apende asipende.

---

MzeeWaColfax

Mtafute Jumatatu au Jumanne. Usimfuate Ijumaa saa ya mechi, atakusikiliza kwa sikio moja.

---

Mkandarasi

Na mimi naulizia tu, huyo kijana aliyeumia anacheza namba gani? Kwa ustaarabu huo Yanga tunamtaka.